Habari za Fundi Pindo Alivyoutia Ulimi Mlango wa Bafu

Sogezeni viti, enyi wenye viti, na ninyi msio navyo kaeni hapo mlipo. Mwenye kikohozi akimalize sasa, na mwenye chungu motoni akipunguzie kuni, kwa maana habari inayoingia ni nzito na haipendi kukatizwa. Wengine wamesimulia wafalme na ngome zao, na majeshi yaliyokesha chini ya kuta. Sisi tunasimulia mlango. Si lango la mji lenye minara na walinzi, bali mlango wa bafu, wa mbao, uliopakwa rangi ya kijani ikabambuka chini ambako maji hurukia, nao uko mwisho wa ukumbi mwembamba, baina ya chumba cha kulala na stoo ya ndoo. Mlango huo ulikuwa na bawaba, ulikuwa na kishikio, ulikuwa hata na msumari wa kutundikia taulo. Haukuwa na kitasa. Na kwa ajili ya hicho kimoja nyumba nzima nusura ivunjike.

Katika nyumba hiyo alikaa Fundi Pindo, mshona nguo mstaafu, mnyoosha kola, mshinda makunyanzi, baba wa pindo zisizofumuka, ambaye katika siku za nguvu zake aliwavika mabwana harusi wa mtaa mzima na kuvificha vitambi ambavyo wenyewe walishindwa kuvificha. Macho yake yalikuwa yamepungua, lakini utepe wa kupimia ulimkaa shingoni asubuhi na jioni kama nishani ya vita, na hakuingia chumba cha mtu bila kukipima kwa jicho. Pamoja naye aliishi mkewe, ambaye majirani walimwita Bi Zumari, kwa kuwa akiimba jikoni sauti yake iliwafikia watu waliokuwa wakivuka barabara. Alikuwepo pia dada mkubwa wa Fundi, mjane, bingwa wa kusugua sufuria, mwenye ulimi ambao haukuwahi kwenda likizo. Na alikuwepo binti wa Fundi na Bi Zumari pamoja na mumewe, yaani Mkwe, dereva wa gari la mikate, kijana mrefu mwenye adabu nyingi mno, hata akikigonga kiti hukiomba radhi.

Sasa isikieni sheria ya nyumba hiyo. Tangu mlango ule ulipotundikwa, aliyeingia bafuni alitoa sauti. Kukiwa na sauti, kuna mtu. Kukiwa kimya, ingia. Mkwe alipiga mluzi. Dada Mkubwa aliendeleza humo ndani ugomvi wowote aliokuwa ameukatiza nje. Fundi Pindo, ambaye Mungu hakumjalia koo la kuimbia, alitaja kwa sauti vipimo vya wateja wake wa zamani, bega na kifua na kiuno, mpaka alipojifuta. Bi Zumari naye aliimba kwa pumzi zake zote, na siku alizoosha nywele majirani walizima redio wapate kumsikia. Sheria hiyo ilidumu miaka mingi bila askari wala faini, na watoto wakakua, wakaolewa, na hakuna aliyemwona mwenzake asivyotaka kuonekana.

Ndipo koo la Bi Zumari likaugua. Daktari alimtoa kivimbe kidogo kwenye nyuzi za sauti, kisha akatoa amri: asiimbe, asimwite mtu, na hata kunong'ona kuwe kwa neno moja tu kwa siku, kama mtu anavyotia chumvi ya mwisho. Nyumba nzima iliisikia amri hiyo ikaitikia kwa heshima. Walimchemshia maji, wakamfungia jogoo uani asiwike karibu na dirisha lake. Wala hakuna hata mmoja aliyefikiria bafu.

Asubuhi moja Mkwe, akiwa amechelewa kwenda kupakia mikate, alikuja ukumbini na taulo begani, akasimama mbele ya mlango kwa adabu yake yote, akatega sikio. Kimya. Akakichukua kimya hicho kuwa ruhusa, akasukuma. Aliyoyaona hatutayasimulia, kwa kuwa mwenyewe hadi leo anaapa kwamba hakuona kitu. Ila mama mkwe wake alikuwa ndani, na sabuni machoni, akafumbua kinywa apige ukelele, na ukelele haukutoka.

Msiseme ni jambo dogo. Miji imeanguka kwa madogo kuliko hilo. Mkwe alikimbia bila kuoga, na tangu siku hiyo akawa anatoka kabla watu hawajaamka na kula chakula chake ndani ya gari, katikati ya makreti, kwa sababu hakujua tena aweke wapi macho mbele ya mama mkwe wake. Naye Bi Zumari alivaa, akafunga kifurushi, akaenda kwa mdogo wake upande wa pili wa soko, ambako bafu lilikuwa na komeo. Siku ya kwanza alienda kuoga akarudi. Siku ya pili alioga akabaki kwa chakula cha mchana. Siku iliyofuata alioga, akala, akalala huko. Kabla ya kuondoka mara hiyo ya mwisho alimshika mumewe mkono wa shati, akamnong'oneza neno lake la siku hiyo.

"Mlango," alisema.

Fundi Pindo akabaki na neno hilo kama mtu aliyekabidhiwa upanga bila kuonyeshwa adui.

Baraza la vita likaitishwa mezani, nalo lilikuwa yeye na dada yake. Dada Mkubwa, aliyekuwa akimenya viazi, alitoa shauri lake bila kuinua kichwa. Alisema apige msumari kwenye mlango na mwingine kwenye fremu, afunge kamba, amrudishe mke wake, jambo liishe kabla viazi havijaiva. Kisha akaongeza kwamba aibu yenyewe hata haielewi. Mficha uchi hazai, na wifi yake alikuwa amezaa.

Fundi Pindo akasimama, akaunyoosha utepe shingoni, akanena kama anenavyo jemadari mbele ya safu.

"Dada yangu, kamba itauzuia mlango, lakini kamba haina la kusema. Mke wangu amenyamazishwa. Mtu akigonga, nani atamjibu? Nakitafuta kitasa kitakachosema badala yake: akikigeuza ndani, aliye nje asome kwamba kuna mtu. Tena kiwe cha shaba, cha kizamani, kama kile alichokiona kwenye nyumba ya yule bi harusi tuliyempelekea gauni. Alikizungusha kwa vidole viwili, akaniambia, mwenye kitu kama hiki huoga kama malkia. Nilimcheka siku ile. Leo sicheki."

"Malkia wa kuogea ndoo," Dada Mkubwa akasema, akatupa ganda.

Fundi Pindo akaondoka kwenda vitani kama waondokavyo mashujaa wote wenye busara, yaani baada ya chai.

Duka la vyuma lilikuwa la mtu mnene aliyeitwa Bawaba, kwa sababu aligeukia upande wowote mteja aliomsukumia. Kuta zake zilijaa vitasa kuanzia sakafuni hadi darini, vingine vya malango, vingine vya madroo, vinang'aa vyote kama meno ya mtu anayetaka kukopa. Alipoambiwa shaba, hakusita. Alishusha kitasa cha manjano kilichong'aa hata Fundi Pindo akajiona ndani yake akiwa na mashavu mapana, akakiweka juu ya kaunta kwa mikono miwili.

"Shaba tupu hiyo, mzee wangu. Hata ukiuma."

Shujaa wetu hakuuma. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa silaha ambayo Bawaba hakuitarajia: sumaku ndogo, ile ambayo kwa miaka yote ya kazi yake ilimwokotea pini zilizoanguka chini ya cherehani. Akaishusha taratibu. Ilipofika karibu iliruka yenyewe, tak, ikang'ang'ania kitasa kama mtoto aliyemwona mama yake.

"Rafiki yangu," Fundi Pindo akanena, "shaba haishikwi na sumaku. Hiki ni chuma kilichoazima kanzu ya shaba, na nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kitie kwenye mvuke wa bafu msimu mmoja tu, kanzu itapasuka kwapani na kutu itachungulia."

Bawaba akatazama kushoto na kulia. "Mzee, irudishe mfukoni hiyo kitu. Wateja wanaona."

Haikurudi mfukoni. Kitasa cha pili kililetwa, kikashikwa. Cha tatu kikashikwa mkono wake lakini si bamba lake, nacho kikahukumiwa pamoja na wenzake, kwa sababu shati haliwi la hariri kwa kola peke yake. Wateja wawili waliokuwa wakinunua misumari waliacha kununua wakasogea. Mwisho Bawaba, jasho likimtoka, aliinama chini ya kaunta, akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akakifungua kama mtu anayesalimisha mateka.

Kilikuwa kizito. Rangi yake ilikuwa ya chai ya rangi iliyokolea, na pembeni, pale penye mabonde ya nakshi, giza zaidi. Sumaku ilishuka juu yake ikateleza, haikukitambua. Upande wa ndani kulikuwa na kipini chenye umbo la nusu mwezi, cha kuzungusha. Upande wa nje bamba la duara lenye kidirisha kidogo kuliko ukucha. Ukizungusha kipini, ulimi wa kitasa hutoka, na kidirisha cheupe huwa chekundu. Chini ya kidirisha palikuwa na mkato mwembamba. Bawaba, aliyekuwa sasa upande wa mteja kwa moyo wote, alieleza kwamba mtu akianguka au akizimia ndani, aliye nje hutia sarafu kwenye mkato huo, akazungusha, akamwokoa.

Fundi Pindo alikisogeza sikioni akakizungusha, na kilitoa mlio mmoja, mfupi, safi, kama mkasi mzuri unapofunga. Akauliza kama kimepakwa vanishi; akaambiwa hapana, ni shaba yenyewe, nayo itazidi kukolea kadiri inavyoshikwa. Akapima unene wake, akapima umbali kutoka ukingoni hadi katikati ya kipini, akalinganisha na vipimo vya mlango alivyovibeba kichwani, vikalingana. Walipokwisha kuelewana bei, Bawaba alimshauri amwite seremala, kwa kuwa kitasa hicho si cha kubandika juu. Huchimbiwa kikao ndani ya ubao.

Hapo ndipo shujaa alipotamka maneno ambayo mashujaa huyatamka muda mfupi kabla ya maafa.

"Fundi ni fundi," alisema. "Mbao ni kitambaa kigumu tu."

Akarudi nyumbani, akajifunga silaha: patasi ya jirani, nyundo, keekee, bisibisi, chaki yake bapa ya kuchorea suti, na fimbo yake ya kupimia. Akapiga goti mbele ya mlango wa kijani. Akapima kitasa, akachora umbo lake kwenye ubavu wa ubao kwa mstari mwembamba usiotetemeka, na laiti angeishia hapo, habari hii ingekuwa fupi.

Lakini mkono una kumbukumbu yake. Kila mshona nguo anajua kwamba anayekata sawasawa na kipimo hushona nguo isiyofunga. Lazima uache nafasi ya mshono, kwa kuwa nguo kubwa utaipunguza, lakini nguo ndogo utaijutia. Fundi Pindo aliiacha nafasi hiyo maisha yake yote, tena kwa namna yake mwenyewe: aliisimamisha fimbo yake ya kupimia kwa ukingo juu ya mstari wa kwanza, akachora mstari wa pili upande wa pili wa fimbo, na unene wa fimbo ndio uliokuwa nafasi. Hivyo ndivyo alivyofanya na siku hiyo, bila kufikiri, akikaribia kuimba. Alichora nafasi ya mshono kuzunguka kitasa chote. Kisha akakata kwenye mstari wa nje.

Vumbi la mbao lilijaa ukumbini. Patasi iliingia, nyundo ikaitikia, na kufikia adhuhuri kikao kilikuwa kimekamilika, pembe zake zimenyooka kama mfuko wa koti. Akakichukua kitasa kwa mikono miwili, akakiingiza. Kitasa kiliingia, kikaendelea kuingia, kikainama upande mmoja, kikakaa humo kinacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Dada Mkubwa alikuja kuangalia. Aliangalia kwa muda.

"Umekivalisha suruali ya kaka yake," alisema. "Haya, kipunguze kiunoni."

Fundi Pindo alijaribu kukikaza kwa gazeti lililokunjwa, kikacheza. Akajaribu kipande cha soli. Kikacheza zaidi, na kwa dharau. Mbao, akagundua akiwa bado amepiga goti, haina mshono. Kilichokatwa kimekatwa, na hakuna sindano duniani inayolipunguza tundu.

Na kama vile maafa hayaji peke yake, saa hiyo hiyo binti yake akaingia kutoka sokoni. Alikuwa amepitia kwa mama mdogo wake, na alileta ujumbe, akautoa akiwa anatazama sakafu. Mama aliomba, kwa ishara, apelekewe ndara zake. Pia mto wake.

Ndara mtu anaweza kuziomba. Sakafu ya watu ina baridi. Lakini mtu aliyekwenda kuoga haombi mto. Aombaye mto ameshachagua upande wa kitanda.

Fundi Pindo akainuka, magoti yakalia. Akaenda chumbani, ambako juu ya meza yake ya kukatia, mahali palepale ilipokaa tangu ujana wake, alikuwa ameirudisha fimbo ya kupimia. Ilikuwa ya mti mgumu mwekundu, imelainika kwa mikono ya watu wawili: yake, na ya mwalimu aliyemfundisha kushona, aliyemwachia fimbo hiyo alipofariki. Kwa fimbo hiyo alipima mgongo wa kila mtu aliyewahi kumheshimu. Akaja nayo ukumbini, akauingiza ukingo wake katika pengo baina ya kitasa na ubao. Ukaingia, ukabana, haukuacha hata nafasi ya karatasi. Isingeweza kuwa vinginevyo, kwa kuwa kosa lake lilikatwa kwa kipimo cha fimbo hiyo.

Akachukua msumeno.

"Hiyo si ya marehemu mwalimu wako?" dada yake aliuliza.

"Ndiyo."

Dada Mkubwa alijifuta mikono kwenye nguo, akainama, akashika ncha ya pili. "Basi ngoja nikushikie huku, utakuja kukata kidole."

Wakakata, ndugu wawili wazee, mmoja anasukuma na mwingine anashikilia, na vipande vikaanguka kimoja kimoja sakafuni na namba zake bado zinasomeka. Fundi Pindo akavipaka gundi ya mbao, akavipanga ndani ya kikao pande zote, kama mtu atiaye kiraka kwa ndani ili kisionekane nje; na katika kutia viraka, enyi wasikilizaji, hakuwa na mpinzani katika mitaa yote. Gundi ikaachwa ikauke mpaka asubuhi. Juu ya usiku huo hatuna la kusimulia, kwa kuwa shujaa alilala.

Kulipokucha aliurudia ubao kwa patasi, mara hii akinyoa badala ya kukata, na kitasa kikaingia kwa kusukumwa na kiganja, kikakaa. Zikabaki skrubu. Nazo zilikuwa za shaba, na skrubu ya shaba ni kama mtu wa ukoo bora, haipendi kulazimishwa. Ukiibana kwenye ubao mgumu hukatika shingo. Kwa hiyo alitanguliza skrubu ya chuma ya unene uleule, askari wa kawaida, ikafungua njia, akaitoa. Kisha akaisugua ile ya shaba kwenye kipande cha sabuni, kama alivyozoea kusugua sindano kabla ya kuingia kitambaa kizito, nayo ikaingia inateleza. Akafunga bati la kupokelea ulimi kwenye fremu. Akazungusha kipini. Ulimi ukatoka, ukaingia nyumbani kwake bila kugusa ukuta.

Lakini ngome isiyojaribiwa ni picha ya ngome. Mkwe alipoingia kwa kunyata kuchukua shati safi, alikuta njia imezibwa na baba mkwe wake, utepe shingoni.

"Mwanangu," Fundi Pindo akanena, "mlango huu uliufungua bila kosa. Leo nataka ujaribu kuufungua bila huruma."

Akaingia bafuni, akafunga. Nje kukasikika sauti ndogo.

"Hodi, baba."

"Usibishe hodi. Sukuma."

"Nasukuma, baba. Samahani."

Akasukuma kwa kiganja. Akaamriwa kwa bega, akasukuma kwa bega, lile bega linalobeba makreti ya mikate kila alfajiri. Bawaba zililalama, fremu ikaguna, rangi ya kijani ikadondoka kidogo, kitasa hakikutikisika.

"Dirisha linasemaje?" sauti ikatoka ndani.

"Jekundu, baba."

"Maana yake nini?"

"Kuna mtu."

"Nani?"

Mkwe akafikiri. "Sijui, baba," alisema. "Wala sina haja ya kujua."

Fundi Pindo akafungua mlango, akamtazama kijana huyo, akaona kwamba kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile alikuwa ameinua macho. Mkwe akasema, kama baba hana neno, yeye mwenyewe angekwenda na gari kumchukua mama. Akasema angezifuta siti kwanza zisiwe na chembe za mkate.

Sasa yapo mambo ambayo wasimulizi wengine hupenda kuyaruka, yaani mambo ya baada ya ushindi, ambapo ngome huwa hatarini kuliko wakati wa vita. Gari lilikuwa halijafika hata kona wakati Fundi Pindo, aliyekuwa akikusanya vumbi la mbao, aliposikia nyuma yake mkwaruzo. Akageuka. Dada Mkubwa alikuwa amechutama mbele ya kitasa, na kopo la majivu kushoto, nusu limau kulia, na steelwool yake ya kusugulia sufuria mkononi, anasugua.

"Dada, acha."

"Niache nini? Wifi yangu anarudi, umemwekea kitasa kichafu. Ona kilivyo cheusi."

"Si uchafu huo. Ni umri."

Dada Mkubwa alisimamisha mkono. "Umri? Kimetoka dukani jana."

"Kimetengenezwa hivyo. Ni cha kizamani."

"Kwa hiyo kimezaliwa kizee." Akakitazama kitasa, kisha akamtazama mdogo wake, kisha akakitazama tena. "Watu siku hizi wananunua uzee. Mimi wangu nimeutangaza bure na hakuna aliyekuja."

Lakini aliiweka steelwool chini. Pembe moja ya bamba, chini kushoto, ilikuwa tayari inang'aa kama sufuria zake. Fundi Pindo hakumlaumu. Aliketi kando yake sakafuni, akamweleza taratibu za kukitunza. Limau na majivu na dawa za kusafishia choo visikikaribie, kwa kuwa hula rangi yake na kukiacha na mabaka. Kitambaa laini, kilichokamuliwa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, kinatosha. Kisha kikaushwe papo hapo, kwa sababu adui wa shaba ni tone lililosahaulika. Ulimi ukianza kukwama, wasiutie mafuta ya kupikia, ambayo hushika vumbi na kuganda kama ugali. Waunyunyizie unga wa risasi ya penseli, utateleza. Na mlango uachwe wazi mtu akishaoga, mvuke utoke. Dada Mkubwa alisikiliza yote hayo kwa uso wa mtu asiyesikiliza. Kisha akauliza ni kitambaa gani hasa, maana vitambaa vyake vya jikoni vina pilipili, na alipopewa kipande cha flaneli alikikunja akakitia kifuani, na hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa.

Gari la mikate likarudi. Bi Zumari alishuka akiwa na mto mikononi, na Mkwe nyuma yake amebeba kifurushi na ndara, umbali wa heshima. Watu wote wa nyumba walikuwa ukumbini, wamejipanga ukutani kama walinzi wa kasri, kwa kuwa ukumbi ulikuwa mwembamba na hapakuwa na namna nyingine ya kukaa.

Alipita mbele yao bila neno. Akasimama mbele ya mlango. Akakigusa kitasa kwa ncha ya kidole, akafuata nakshi yake mpaka ile pembe iliyong'aa, na hapo Dada Mkubwa akakohoa. Akainama kidogo, akaona kando ya bamba, ndani ya ubao wa mlango, ukingo mwembamba wa mti mwekundu wenye namba. Alijua mti huo ulitoka wapi. Alimgeukia mumewe, akamtazama, akafumbua kinywa, akakumbuka daktari, akakifumba. Akachukua taulo, ndoo ya maji ya moto, na sabuni yake, akaingia.

Mlio mmoja, mfupi, safi. Kidirisha kikawa chekundu.

Wakangoja. Hakuna aliyejua wanangoja nini, ila hakuna aliyeondoka. Ndani maji yalimiminika, yakasita, yakamiminika tena bila haraka. Hakuna wimbo, hakuna kikohozi, hakuna hata neno, na kwa mara ya kwanza katika nyumba hiyo kimya cha bafuni hakikumwita mtu. Binti akaenda kupika, akarudi. Mkwe alitazama saa, akaamua mikate ingemngoja. Dada Mkubwa alisema chinichini kwamba labda amelala humo, akasogea ili agonge, na Fundi Pindo akamzuia kwa mkono, akamwonyesha kidirisha. Yeye mwenyewe alikuwa na taulo begani tangu mwanzo, kwa kuwa alikuwa na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, tena alikuwa na haja nyingine ambayo heshima ya historia inatukataza kuitaja. Aliegemea mguu huu, akaegemea mguu ule. Hakugonga. Ameutia mlango ulimi kwa mikono yake, na sasa amefungiwa nje yake, kama kila mtu, akakubali.

Jua lilikuwa limeshahama dirishani mlio ule uliposikika tena. Nyekundu ikawa nyeupe. Mlango ukafunguka, mvuke ukatoka kwanza, kisha Bi Zumari, uso umelainika, nywele zimefungwa, mtu ambaye tangu koo lake lilipougua hakuwa ameoga katika nyumba hiyo hata mara moja bila kutazama nyuma. Akasimama mbele ya mumewe. Alikuwa na neno moja la siku hiyo, akalipanua likawa mawili.

"Maji yamekwisha," alinong'ona, akatabasamu, akapita.

Naye Fundi Pindo, mshinda makunyanzi, mfichua chuma kilichovaa kanzu ya watu, mtia mbao kiraka, aliyapokea maneno hayo mawili kama washindi wa kale walivyopokea funguo za miji. Akainama mbele ya watu wote wa nyumba, akaichukua ndoo tupu, akaenda nayo bombani, na tarehe ya siku hiyo na ihesabiwe miongoni mwa tarehe kubwa.